Barua za wasomaji: Waini ya Dodoma, shore mwizi na chozi mgomvi

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Tangu nilipotaja hapa kwamba nina ekari moja ya zabibu Mpunguzi, hakuna anayeniuliza tena habari za vitunguu. Barua za mwezi huu karibu zote ni za waini na ndege. Nimezijibia uani kwangu Miyuji, upepo wa Julai ukininyang'anya karatasi, kwa hiyo pakiwa na jibu lililorukaruka, laumuni upepo.

Shikamoo mama. Mimi na mwenzangu tunatimiza miaka mitano ya ndoa mwezi wa nane. Ufukweni tumekwenda mpaka tumechoka. Tunataka tupande treni Ijumaa tuje Dodoma, tuone waini inavyotengenezwa, Jumapili turudi. Tuanzie wapi? Tunahofia kufika tukakuta mageti yamefungwa. (Kijana wa Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu, na hongereni. Mwezi mmeupatia. Huku kwetu mzabibu haupati baridi ya kuulaza usingizi kama Ulaya, kinachouamsha ni mkasi wa mkulima. Ukipogoa Oktoba au Novemba, unavuna Februari na Machi. Ukipogoa Aprili au Mei, unavuna Agosti na Septemba. Mavuno mawili kwa mwaka, shamba lile lile. Ya mwanzo hukutana na mvua: ugonjwa wa ubwiri unga unaingia, zabibu zinapasuka, sukari inakuwa ya kubahatisha. Ya Agosti hukomaa mvua zikiwa zimeondoka zamani, na mzee yeyote wa Mpunguzi atakwambia hizo ndizo zabibu. Mngekuja Juni mngeona majani na vishada vigumu kama gololi.

Hofu yenu ya mageti ni ya haki. Mwaka juzi niliwapeleka wageni wa Mwanza kwenye kiwanda kimoja, tukasimama juani dakika arobaini, mlinzi akatuambia mwenye ufunguo amekwenda msibani. Kosa lilikuwa langu, sikupiga simu. Hivi ni viwanda vya kazi, si hoteli. Wengi watakukaribisha vizuri sana ukiwaarifu mapema, na wengi watakuacha getini ukijitokeza tu. Pigeni simu Jumatatu ya wiki ile ile, halafu mpige tena Alhamisi, maana Jumatatu alipokea mtu mwingine.

Mimi ningewapangia hivi. Treni ya SGR imekuwa ikifika huku tangu 2024, na mkipanda ya asubuhi Ijumaa mtakula mchana hapa hapa. Kuleni ugali kwa mlenda na nyama ya mbuzi. Msinifanyie aibu ya kuja Ugogoni kuagiza chipsi. Jumamosi kodini teksi ya siku nzima, mpatane bei kabla hamjaingia, na mkubaliane kwamba dereva haonji hata tone. Nendeni Hombolo. Huko wako CETAWICO, kampuni ya kutengeneza waini, na mashambani mtakuta zabibu zenye asili ya Italia, Teroldego na Marzemino, majina ambayo kila mkulima anayatamka kwa namna yake na yote ni sahihi. Jioni kaeni kando ya Bwawa la Hombolo mtazame bata maji na korongo wakirudi. Mimi hapo hukaa mpaka giza, na mume wangu marehemu alikuwa akinisubiri kwenye gari akisoma gazeti la juzi.

Jumapili asubuhi shikeni barabara ya Iringa mpaka Bihawana. Misheni hii ndiyo inayotajwa siku zote panapozungumzwa habari za zabibu za Dodoma, maana wamisionari walihitaji divai ya misa na udongo wetu mwekundu wa kichanga ukawakubalia. Mtaona kwamba hata leo kanisani ni divai, kwenye vitabu ni mvinyo, na baa ni waini, ingawa mzabibu ni ule ule.

Ila kama nafasi ni ya sehemu moja tu, achaneni na kiwanda kikubwa, tafuteni msindikaji mdogo. Wako wengi Mpunguzi, Hombolo na Chamwino. Hawa hukamua zabibu zao wenyewe wakauza mchuzi wa zabibu kwa viwanda. Ndiyo, mchuzi, msicheke, ndilo jina lake huku, hata kwenye mambo ya kodi linaitwa hivyo. Jirani yangu wa shamba ana matangi manne ya plastiki ndani ya banda la bati. Siku ya tatu baada ya kusaga, makapi yote hupanda juu yakatengeneza kofia nene ya zambarau, na chini yake mchuzi unachemka bila moto, vijipovu vinanong'ona kama sufuria ya maharage. Mara tatu kwa siku anapanda kwenye kigoda na mwiko mrefu wa mbao, anaizamisha ile kofia ili rangi ya maganda iingie kwenye mchuzi. Atawapa mwiko mjaribu. Ni mzito kuliko unavyoonekana, na mwenzako akivaa nguo nyeupe siku hiyo itakuwa mara ya mwisho kuivaa.

Vaeni viatu vya kufunika. Nyuki hawakosekani penye makapi. Na mkikuta kuku wa nyumba ile wanatembea upande upande, msimwite bwana mifugo: wamekula makapi yaliyochacha tu, kesho wataamka.

Assalaamu alaykum, mama. Naishi Kondoa, sinywi pombe wala sitaki kukaa mahali inaponywewa. Lakini mke wangu anapenda sana mashamba ya mizabibu tangu alipoyaona kwenye picha. Kuna namna? (Baba wa watoto watatu)

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hukumu ya dini muulize shehe wako, mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia tu. Nijualo ni kwamba shamba ni shamba. Kiwanda kiko kwake na mzabibu uko kwake, na wakulima wengi hawana hata chupa moja nyumbani. Mje wakati wa mavuno, mwombe ruhusa kwa mwenye shamba, mtembee kati ya mistari mnunue zabibu zilizokatwa mbele ya macho yenu. Muulize kama ni za mezani au za waini. Za waini ni ndogo, ganda nene, mbegu nyingi, lakini utamu wake unashika kooni. Watoto huzipenda hizo zaidi, wanashindana kutema mbegu. Bebeni ndoo yenye mfuniko, si mfuko wa plastiki. Zikibanwa kutoka hapa mpaka Kondoa zitafika zimekuwa kitu ambacho wewe hukitaki.

Bibi, ndege wananimaliza. Nina mizabibu sita nyuma ya nyumba, nimeitandaza kwenye waya kama ulivyoelekeza. Vishada vikianza kubadilika rangi tu wanaingia asubuhi mapema, wanatoboa punje moja hapa, moja pale, wanaharibu kishada kizima. Fundi mmoja wa dawa ameniambia niloweke mtama kwenye sumu nimwage chini. Nifanye? (Mwenye hasira, Singida)

Usifanye. Sikwambii kwa upole, nakwambia usifanye.

Kwanza, wanaokula mtama si wanaokula zabibu. Utaua hua na tetere waliokuja kuokota chini, na kuku wa jirani, halafu paka wa jirani atakayemla hua, halafu mtaanza kesi. Mwizi wako atakuwa juu ya waya anakutazama, tumbo limejaa zabibu.

Pili, mjue mwizi wako. Kaa kimya na kikombe cha chai saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku mbili tu. Mwenye kichwa cheusi, mwili wa kahawia, na manjano chini ya mkia kama amekalia embe la kuiva, huyo ni shore. Huja wawili wawili, anaimba kabla ya kuiba, na punje hutoboa na kuiacha. Wale wa kijivu wenye kishungi na mkia mrefu kama wa panya, wanaoning'inia tumbo wazi kwenye jua, ni kuzumburu. Hao huja ukoo mzima na hula mpaka machipukizi. Ukikuta punje zimemezwa nzima na kibua kimebaki kitupu, mshuku kwezi, yule anayeng'aa. Kwelea kwelea, ambao nyote huko Singida mnawaogopa, hawana haja na zabibu zako, wao wanataka uwele na mtama.

Kwa mizabibu sita dawa ni mifuko. Chukua karatasi za kaki, zile za kufungia mkate au sukari, kata kona mbili za chini maji yatoke, vika kishada punje zinapoanza kulainika, funga kwa uzi wa katani. Kishada kimoja hakikuchukui dakika. Usitumie nailoni, zabibu zitaungua na jua na kuota ukungu. Wenye mashamba makubwa hutandaza nyavu, nazo ni nzuri, lakini kwa ua wako ni gharama ya bure, tena wavu uliolegea hunasa ndege akafa humo akinuka.

Baba yangu alikuwa na njia yake. Alinyoosha utepe wa kaseti kutoka nguzo hadi nguzo, akausokota mara mbili. Upepo wa Dodoma ukivuma, utepe unalia zzzz na kumetameta, ndege hawaelewi ni nini. Nilipokuwa darasa la tano aliumaliza mkanda wa kwaya wa mama yangu kwa kazi hiyo, na nyumbani hapakukalika wiki nzima. Njia ile hufanya kazi siku kumi, labda kumi na mbili. Baadaye shore anazoea na anaanza kutua juu ya utepe wenyewe. Kwa hiyo usiuweke mapema. Usubiri wiki mbili za mwisho kabla ya kuvuna. Zamani kazi ya kuamia ndege ilikuwa yetu watoto, debe na kijiti toka alfajiri, na nakiri kwamba nusu ya zabibu zilizopotea mstari wa mwisho hazikuliwa na ndege.

Jambo jingine, na hapa najua utanikasirikia: mwachie kishada kimoja. Mimi nina mzabibu mmoja karibu na jiko ambao sivalishi mfuko. Shore wangu wanajua ni wao, na wakati wa vifaranga naona kinywani mwao viwavi waliotolewa kwenye majani ya mizabibu ile mingine. Ukiwaua wote viwavi utawatoa wewe kwa vidole.

Mama, tusaidie kumaliza ubishi. Mume wangu anasema waini ya Dodoma ikiwa tamu basi ni sukari na rangi, na waini halisi lazima iwe chungu. Mimi ninapenda tamu. Nani mkweli? (Mke wa mbishi, Morogoro)

Mkweli hayupo, samahani. Ndani ya mchuzi hamira inakula sukari ya zabibu, inatoa kileo na gesi. Ikiachwa ile yote, utamu unakwisha, ndiyo waini kavu. Ikizuiwa njiani, au ikiongezewa utamu au kileo baadaye kama zinavyofanywa zile nzito za aina ya dompo, inabaki tamu. Zote zinatoka kwenye zabibu. Tena kavu nzuri haiwi chungu. Inakausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea majani, na hilo ni ganda la zabibu linafanya kazi yake.

Mkutanishe mumeo na Chenin Blanc, ile nyeupe, ikiwa baridi, pamoja na samaki wa kukaanga. Wewe kunywa tamu yako. Nyekundu ya hapa kwetu hasa ni Makutupora Red, yenye jina la kule kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, na hutoa tamu na kavu zote mbili, kwa hiyo mnaweza kugombana juu ya zabibu moja.

Kuhusu gesi niliyoitaja, niamini mimi. Mwaka niliostaafu niliona sasa nina muda, nikatengeneza chupa kumi na nane za waini jikoni. Nilionja, nikaona utamu umebaki kidogo, nikasema inatosha, nikafunga. Sikusubiri hamira imalize. Usiku wa nne nikasikia mlio, nikadhani mwizi kavunja dirisha. Nikasikia wa pili. Wa tatu nikawa nimeshaelewa, nimejificha nyuma ya mlango wa chumbani nikihesabu, mwalimu wa biolojia wa miaka thelathini na mbili. Zilipasuka kumi na moja. Dari la jikoni bado lina doa moja lenye umbo la ziwa Tanganyika, na mjukuu wangu huwaonyesha wageni.

Shikamoo. Kuna kindege kidogo cheusi chenye kifua chekundu kinapigana na kioo cha pembeni cha gari langu kila siku kuanzia saa moja asubuhi. Kimechafua mlango wote. Jirani anasema nimetumiwa. (Mtumishi wa umma, Area C, Dodoma)

Marahaba. Hujatumiwa chochote, umepata mpangaji. Huyo ni chozi dume. Ana maua yake mahali fulani karibu na hapo, pengine na jike wake anajenga, na ndani ya kioo chako anamwona dume mwingine, mzuri kama yeye, asiyeondoka hata akipigwa. Hebu fikiria uchungu wake. Ukiegesha, kivishe kioo soksi kuukuu. Baada ya wiki mbili tatu hamu ya ugomvi itampungua.

Kabla hujakivisha kioo soksi hiyo, tafuta kiota. Chungulia tawi lolote linaloning'inia karibu na baraza, au hata waya wa kuanikia nguo. Ni kifuko cha nyasi kama soksi nyingine, kimeshonwa kwa utando wa buibui na kupachikwa vipande vya majani makavu, ukadhani ni takataka iliyonaswa. Mlango uko ubavuni juu, na una kibaraza chake. Chozi jike ndiye anayejenga. Yule bwana kazi yake ni hiyo ya kwenye gari lako. Wangu alijenga mwaka jana kwenye kamba ya nguo, nikaanika kwa jirani wiki tano.

Mama, nimepanga chumba na sebule Chang'ombe, uwani nina nafasi ya kutosha ndoo mbili. Nikisoma habari za ua wako naona wivu. Naweza kupata ndege nami? (Binti wa chuo)

Ndoo mbili zinatosha kabisa, mwanangu. Moja panda shubiri. Chomoa chipukizi kwa mtu, haiuzwi hiyo, inaombwa. Ichanganyie mchanga nusu na uisahau. Itachukua muda, lakini ikitoa ua lake refu jekundu wakati huu wa baridi, chozi watakuja hata kama uko katikati ya mabati matupu. Maji ya sukari usiwawekee, utaita sisimizi na mwenye nyumba.

Ndoo ya pili usipande kitu. Igeuze kichwa chini, weka juu yake kifuniko cha chungu au sahani ya udongo, tia maji kina cha kidole kimoja, na jiwe katikati la kusimamia. Kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba, Dodoma nzima ni kavu, na maji yanaita ndege kuliko ua lolote. Hua watatangulia, kisha kwera. Na ukiwa na bahati, siku moja alasiri utasikia kelele za makasuku wadogo wa kijani, uso mweusi, mdomo mwekundu, shingo ya manjano kama wamevaa skafu. Hao kwa asili ni wa Tanzania tu, hulala kwenye matundu ya mibuyu. Kwangu wamekuja mara tatu mwaka huu, na mara zote nilikuwa nimeshika sufuria ya moto.

Maji yabadilishe kila asubuhi, mbu wasije wakahamia. Na usisogeze ndoo karibu na ukuta ambao paka anaweza kujificha.